Kidole kinajifunga kila asubuhi: nirudie sindano au nipasuliwe?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 48, ni fundi cherehani hapa Tandika. Kisukari ninacho mwaka wa tisa sasa, natumia metformini. Tangu mwezi wa kwanza kidole cha pete cha mkono wa kulia kinajifunga. Asubuhi nakikuta kimejikunja, nakifungua kwa mkono wa kushoto, kinalia "tak" na machozi yananitoka. Nilikunywa dawa za maumivu, nikachuliwa, nikapigwa picha, wakasema mfupa mzima. Mwezi wa nne nilichomwa sindano kwenye kiganja, nikapata nafuu kama miezi mitatu, sasa kimerudi vilevile. Aliyenichoma anasema turudie. Binti yangu anataka nifanyiwe upasuaji. Jirani ananiambia sindano hizo zinaozesha mfupa, na kisu kwa mwenye sukari ni kupoteza mkono. Hii ni Agosti, na kuanzia Novemba nina sare za shule za kushona. Nifanye nini?

Marahaba, mdogo wangu, na pole sana. Kidole kimoja kikigoma, kazi yote ya fundi inalala.

Nianze na jibu, halafu nieleze. Kwa haya uliyoandika, mkono huo ungekuwa mbele yangu leo ningekushauri upasuaji mdogo, si sindano ya pili. Na kabla ya upasuaji ningekudai kitu kimoja: sukari ishuke. Daktari atakayekupima anaweza kuona tofauti na mimi, kwa kuwa mimi nimesoma barua na yeye atabonyeza kiganja. Lakini nataka uende kwake ukijua cha kumuuliza.

Geuza kiganja cha kulia kitazame juu. Chini ya kidole cha pete, tafuta ule mstari wa kiganja ulio karibu zaidi na vidole. Weka kidole gumba cha kushoto hapo, bonyeza kidogo, kisha kunja na kunjua kidole taratibu. Utahisi kitu kama punje ya kunde kinatembea chini ya ngozi. Kinakwenda, kinafika mahali, kinasita, halafu kinaruka. Hapo ndipo ulipo ugonjwa wako. Karibu kila mgonjwa anayekuja na tatizo hili ananionyesha kiungo cha katikati ya kidole, kwa sababu ndicho kinachoruka na ndicho anachokihisi kinauma. Wanachuliwa hapo, wanapakwa dawa hapo, wanapigwa picha hapo, na picha inatoka safi kwa sababu mfupa haujakosa kitu. Ndiyo maana hela yako ya picha haikuzaa jibu.

Wewe ni fundi, kwa hiyo utanielewa upesi kuliko wengi. Fikiria kaptula ya shule yenye kamba kiunoni. Kamba inapita ndani ya upindo. Upindo ukiwa na nafasi, unavuta kamba huku inatoka kule bila shida. Sasa mtu ashone upindo mwembamba, na kamba yenyewe iwe na fundo. Ukivuta, fundo linafika mdomoni mwa upindo na kugoma. Ukilazimisha linapenya kwa kishindo, na kurudi ni shida ileile.

Kidole kimeundwa hivyohivyo. Misuli inayokunja vidole haiko kwenye vidole, iko kwenye mkono juu ya kifundo. Kutoka huko inatuma kano, mbili kwa kila kidole na moja kwa kidole gumba, zinapita kiganjani hadi mbele. Kano hizo zinateleza ndani ya ala, kama kisu ndani ya ala yake, na ala imeshikizwa kwenye mfupa kwa pete kadhaa ngumu ili kano zisiinuke kila unapokunja ngumi. Pete ya kwanza, ile ya kiganjani, ina urefu wa sentimita moja hivi. Hiyo ndiyo inayonenepa. Ndani panakuwa pembamba, kano inasuguliwa, nayo inavimba na kufanya fundo. Mfaransa Alphonse Notta alilieleza fundo hilo mwaka 1850, na hadi leo linaitwa kwa jina lake. Madaktari wetu wanauita ugonjwa huu triga finga, kwa sababu kidole kinaachia ghafla kama kifyatulio cha bunduki.

Asubuhi ni mbaya zaidi kwa kuwa usiku wengi tunalala tumekunja vidole, na maji ya mwilini yanatuama mikononi. Ala inajaa. Ukishaosha vyombo na kuzungusha mkono kidogo, inalegea.

Swali ambalo hukuniuliza, lakini najua unalo: je, ni mkasi? Cherehani? Katika watu wa kawaida, 2 au 3 kati ya 100 hupata tatizo hili, wanawake zaidi ya wanaume, na wengi wako kati ya miaka 40 na 60. Kwa wenye kisukari idadi hiyo inapanda hadi kama 10 kati ya 100. Sukari iliyozidi kwenye damu kwa miaka inashikamana na nyuzi za kolajeni, zile zinazounda kano, pete na ngozi, na kuzifanya ngumu na nene. Kwa hiyo mkasi unachochea, maana tundu la mkasi mkubwa linabana pale pale kwenye pete, saa nenda saa rudi, lakini moto wenyewe umewashwa na sukari. Nasema hivi ili usije ukaacha ushonaji ukidhani ndiyo dawa. Tezi ya shingo inayofanya kazi kwa ulegevu na baridi yabisi pia huleta shida hii. Kama asubuhi viungo vya mikono yote miwili vinavimba na kukakamaa kwa zaidi ya saa moja, mwambie daktari kabla ya yote, kwa sababu mwenye baridi yabisi hapasuliwi kwa namna nitakayoieleza hapa.

Fanya jambo moja zaidi. Kutanisha viganja viwili kifuani, vidole vitazame juu, ubane vizuri. Kama kuna uwazi katikati na vidole havigusani bapa, huo ni ukakamavu wa sukari kwenye vidole vyote, na upasuaji wa pete moja hautaufuta. Ni vizuri kuujua mapema, usije ukamlaumu daktari kwa kitu ambacho hakukigusa. Na kama usiku unaamshwa na ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, litaje hilo pia. Kuna mshipa wa fahamu unaobanwa kwenye kifundo, wenye kisukari wanaupata sana, na daktari anaweza kuufungua siku hiyohiyo.

Sasa sindano.

Dawa inayotumika ni ya jamii ya kotikosteroidi, mara nyingi triamsinoloni au methaili-prednisoloni, ikichanganywa na ganzi kidogo. Haihusiani na zile wanazojichoma wajenga misuli. Ni ndugu ya homoni ambayo tezi zetu zilizo juu ya figo hutengeneza kila siku. Waliogundua kotisoni na kazi yake, Kendall, Hench na Reichstein, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1950, na tangu wakati huo viungo vingi duniani vimepata nafuu. Inaingizwa kwenye ala, si ndani ya kano. Daktari anayeijua kazi yake, akishaingiza sindano anakuambia ukunje kidole kidogo. Sindano ikitikisika na kidole, imo ndani ya kano, na lazima airudishe nyuma kabla ya kusukuma dawa. Ni kitendo cha sekunde mbili, na ndicho kinacholinda kano isije ikadhoofika na kukatika. Kwa hiyo sindano hii si ya kuchomwa nyuma ya kaunta ya duka la dawa, wala nyumbani na mtu aliyeletwa na rafiki.

Kwa mtu asiye na kisukari, ambaye kidole kimeanza kusumbua wiki chache zilizopita, mimi mwenyewe huanza na sindano, na kwa moyo mweupe. Zaidi ya nusu yao wanapona au wanakaa muda mrefu bila shida. Haiumi sana, haina kidonda, kesho yake anakwenda kazini. Nafuu haiji papo hapo, inakuja ndani ya siku chache hadi wiki mbili au tatu. Ikirudi, tunaweza kurudia mara moja, pengine mbili, tukiacha miezi katikati.

Wewe hauko kwenye kundi hilo. Kwanza, kwa wenye kisukari sindano inashindwa mara nyingi zaidi, na waliougua kisukari miaka mingi ndio wanaonufaika kidogo zaidi. Pili, umeshaijaribu, ikakupa miezi mitatu. Ya pili kwa kawaida haishindi ya kwanza. Tatu, kidole chako hakilii tu na kuachia chenyewe. Kinajifunga hadi ukifungue kwa mkono mwingine, na kimefanya hivyo miezi mingi. Hatua inayofuata ni kidole kisichofunguka hata kwa mkono wa pili. Na nne, kila sindano ya dawa hii inapandisha sukari.

Hapo kwenye sukari nikae kidogo. Zamani, nikiwa bado kijana katika kazi hii, nilimchoma mama mmoja muuza vitumbua. Nilijua ana kisukari, kadi yake ilikuwa mezani. Nilimchoma vizuri, nikamfunga plasta, nikamwambia arudi baada ya mwezi. Sikumwambia neno kuhusu sukari. Usiku wa siku ya pili wanawe walimleta amelegea, anaomba maji kila dakika, na kipimo kinasoma 24. Alipona, Mungu mkubwa, na kidole nacho kikapona. Lakini sikuwahi kujisamehe kwa ile sentensi moja niliyoacha kuisema. Dozi ndogo ya kidole kimoja inatosha kupandisha sukari kuanzia siku ileile hadi karibu wiki nzima. Kwa mwenye sukari tulivu ni wimbi dogo linalopita. Kwa ambaye sukari tayari iko juu, ni hatari. Ukiamua kurudia sindano licha ya haya yote, basi pima sukari asubuhi na jioni kwa siku saba, na upange mapema na daktari wako wa kisukari utafanya nini ikipanda.

Jirani yako hakusema uongo mtupu. Watu wanaotumia dawa za jamii hii kwa wingi, vidonge kwa miezi na miaka, wanaweza kuharibika mfupa, hasa kichwa cha mfupa wa paja. Tone moja au mawili kwenye ala ya kidole halifiki huko. Madhara tunayoyaona kwenye kidole ni mengine: ngozi kupauka na kuacha doa jeupe, nyama ya chini ya ngozi kubonyea, maumivu makali siku moja au mbili za mwanzo, na mara chache sana maambukizi au kano kukatika.

Kuhusu zile dawa za maumivu, nina ombi. Hukusema ni zipi, lakini fundi akiumwa mkono, duka la dawa linampa diklofenaki. Figo za mwenye kisukari cha miaka tisa tayari zina mzigo. Dawa hiyo ikinywewa wiki baada ya wiki inaziongezea mzigo, na pete iliyonenepa haiwi nyembamba kwa kidonge. Iache. Kuchuliwa kwa mafuta polepole hakuna ubaya, ila usikubali mtu akivute na kukivunjavunja kidole ili "kizoee". Na mtu yeyote asikuchanje chale kwenye mkono huo. Nitakuambia kwa nini baada ya muda mfupi.

Kuna pia banzi, kipande cha plastiki au alumini kinachozuia kidole kisijikunje usiku, kinavaliwa wiki sita au zaidi. Kwa ugonjwa unaoanza kinasaidia. Kwako kitapunguza kero ya asubuhi wakati unasubiri siku ya upasuaji, basi.

Upasuaji wenyewe. Ukisikia neno hilo unaona kitanda cha magurudumu, usingizi mzito na siku tatu wodini. Haiko hivyo. Nikusimulie wa hivi karibuni, baba mmoja anayepara samaki kule Feri, kidole cha kati. Alikuja asubuhi ameshakunywa chai, kwa sababu ganzi ni ya mahali tu. Tulimchoma sindano ya lignokeini yenye adrenalini kidogo kiganjani. Ile ndiyo iliyomuuma, sekunde chache, na hakuna kingine kilichomuuma baada ya hapo. Tukamwacha akae kama nusu saa, adrenalini ibane mishipa ili damu isitoke. Tulipokuwa wanafunzi tulifundishwa kwamba adrenalini kwenye kidole itakiua kidole. Daktari Donald Lalonde wa Kanada na wenzake walikusanya ushahidi mwingi kwamba hofu hiyo haikuwa na msingi, na leo tunafanya hivyo bila kumfunga mgonjwa ule mkanda wa kubana mkono, ambao wagonjwa walikuwa wakiulalamikia kuliko kisu. Hospitali nyingine bado zinatumia mkanda. Ukikutana nao usishtuke, ni dakika chache.

Chale ni ya sentimita moja, moja na nusu ikizidi, kiganjani, pale pale ulipobonyeza. Tunasogeza mafuta, tunaiweka kando mishipa miwili midogo ya fahamu inayopita kulia na kushoto ya kano, na pete inaonekana, nyeupe, inang'aa, nene kuliko inavyotakiwa. Tunaikata kwa urefu wake, kama unavyofumua mshono wa upindo ili fundo lipite. Hatutoi kitu, hatuwekei kitu. Kisha nikamwambia, "Baba, kunja ngumi." Akakunja. "Kunjua." Akakunjua. Hakuna tak. Alikiangalia kile kidole, akakunja tena, akakunjua tena, mara saba au nane, bila mtu kumwambia. Ndiyo faida ya kufanya mgonjwa akiwa macho: kano inajaribiwa palepale, na kama kuna uzi mmoja umebaki unaonekana kabla hatujafunga. Nyuzi mbili au tatu, bendeji, akaondoka. Kisu kilifanya kazi dakika kama kumi na tano.

Je, kukata pete hakuharibu mkono? Hii ya kwanza, hapana. Pete ya pili na ya nne ndizo zinazoshikilia kano karibu na mfupa. Ikikatwa ya pili kwa uzembe, kano inainuka kama uzi wa upinde na nguvu ya ngumi inapungua. Kwa hiyo mpasuaji anajua anapoanzia na anapoishia. Ajali nyingine inayowezekana ni kuumiza mshipa wa fahamu, ukaachiwa ganzi upande mmoja wa kidole. Ni nadra, na inatisha zaidi kwenye kidole gumba, ambako mshipa mmoja unakatiza mbele ya kano. Kovu litauma ukilibonyeza kwa wiki kadhaa, na kidole kinaweza kubaki na uvimbe kidogo kwa miezi. Zaidi ya watu 90 kati ya 100 wanapona kujifunga moja kwa moja.

Wapo wanaofungua pete kwa ncha ya sindano nene, bila chale. Inafanya kazi kwa mikono iliyozoea, hasa kidole cha kati na cha pete. Kwako ningependa chale ya wazi, kinachokatwa kionekane.

Nirudi kwa jirani yako na ile hofu ya kupoteza mkono, kwa sababu hofu hiyo ina mizizi hapahapa mjini kwetu. Mwaka 2002 ilitolewa taarifa ya wagonjwa wa kisukari wa Dar es Salaam, walioonekana kati ya 1998 na 2002, waliokuja na mikono iliyooza. Wengi walianza na kitu kidogo mno: mchubuko, kung'atwa na mdudu, mkwaruzo. Wakachelewa, sukari ikiwa juu, na baadhi walikatwa vidole au mkono, wengine walifariki. Ugonjwa huo umepewa jina lake, mkono wa kisukari wa nchi za joto. Jirani amesikia habari za watu wa namna hiyo. Lakini angalia kilichowaponza: kidonda kichafu, sukari isiyodhibitiwa, kuchelewa. Chale iliyopigwa kwa vifaa vilivyotakaswa, kwenye mkono ulioandaliwa, na mgonjwa anayefuatiliwa, ni kitu tofauti kabisa. Chale ya wembe ya mtaani ndiyo iko upande ule mwingine, na ndiyo maana nimekukataza. Hata sindano ya cherehani ikikudunga, osha kwa maji na sabuni, kausha, na usiendelee kushona ukiwa umeifunga kwa kipande cha kitambaa kilichookotwa sakafuni.

Kwa hiyo, sukari. Omba kile kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c. Mimi napenda kiwe chini ya asilimia 8 kabla sijashika kisu kwa jambo lisilo la dharura kama hili, na sukari ya asubuhi kabla ya kula iwe inacheza kati ya 5 na 8 wiki mbili mfululizo. Wastani wa miezi mitatu hautashuka kwa wiki chache, ila daktari akiona daftari lako la asubuhi limetulia, ana kitu cha kuamulia. Metformini peke yake baada ya miaka tisa mara nyingi haitoshi tena. Si kosa lako, ni tabia ya ugonjwa, na kuongezewa dawa si adhabu. Usichomwe sindano nyingine ya kiganja katika kipindi hiki. Upasuaji ukifanyika ndani ya mwezi mmoja baada ya sindano hiyo, maambukizi yanakuwa mengi zaidi. Yako ya mwezi wa nne imeshakaa mbali, usiirudishe karibu.

Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Temeke, ndiyo iliyo jirani na Tandika. Mwombe daktari wa mifupa, si wa jumla, akupime kidole na akuambie wazi kama wanafanya pale au watakupa rufaa kwenda Taasisi ya Mifupa, MOI, pale Muhimbili. Kama una bima, ulizia dirishani kabla ya kupanga siku. Beba daftari la sukari na dawa zote unazotumia, hasa kama kuna ya kuyeyusha damu. Na muulize atakayekupasua: nitakuwa macho? Nitakunja kidole mezani? Nani atanitazama kidonda?

Baada ya hapo kazi ni yako. Siku hiyohiyo ganzi ikiisha, anza kukunja ngumi kamili na kunyoosha kabisa, mara kumi, kila saa uliyo macho. Inauma kidogo, fanya hivyohivyo. Kidole kilichokaa kimejikunja miezi minane kina kiungo cha katikati kilichoanza kusahau kunyooka, na hapo ndipo wengi wanapoteza faida ya upasuaji wote. Mkono uinue juu ya moyo siku mbili tatu za mwanzo, ulalie mto. Bendeji isilowe. Kufua, kukuna nazi na kusonga ugali mwachie binti yako, si amependekeza mwenyewe upasuaji. Nyuzi zinatolewa siku ya 10 hadi 14, na kwa mwenye kisukari mimi huzisubirisha hadi 14.

Ikiwa wakati wowote, kabla au baada, kidole kizima kitavimba kama ndizi mbivu, kikajikunja chenyewe, kikauma njia yote ukikibonyeza na ukapiga kelele mtu akikinyoosha, usisubiri asubuhi. Usaha ndani ya ala ni jambo la saa, si la siku. Chukua bajaji usiku huohuo uende hospitali.

Kuhusu sare. Leo ni Agosti. Ukianza wiki hii na sukari, ukaonwa Temeke mapema, unaweza kupasuliwa katikati ya Septemba. Nyuzi zitatoka mwishoni mwa mwezi huo. Wiki ya kwanza au ya pili ya Oktoba unarudi kwenye cherehani: kuongoza kitambaa na kupiga mshono hakusumbui kovu, na kuzungusha gurudumu ni mazoezi mazuri kwa kidole. Mkasi mkubwa ndio usubiri hadi Novemba, kwa kuwa tundu lake linakaa juu ya kovu kabisa. Mpaka hapo akukatie kijana wako wa kazi, na utakapoushika tena, lizungushie tundu lile vitambaa hadi liwe laini na pana. Kama sukari itakataa kushuka kufikia Septemba, usilazimishe tarehe. Vaa banzi usiku, shona sare zako taratibu na mtu wa kukukatia, na upasuliwe Februari, shule zikishafunguliwa na foleni ya wateja ikipungua.